Safari za Mawaziri na Hisabu ya Mali ya Umma

Somo letu safari hii lahusu jambo ambalo watu hulizungumza sana barazani na hulisoma kidogo mno, nalo ni gharama za safari za mawaziri na wakubwa wengine wa serikali, zinazolipwa kwa kodi za raia. Hulizungumza sana, kwani kila itajwapo ndege ya kukodi au hoteli ya fahari, maneno hayaishi mpaka kahawa ikapoa. Hulisoma kidogo, kwani ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza fedha hizo hutoka wapi, hupita mlango upi, ni nani mwenye haki ya kuziuliza, na huulizwaje. Twataka katika darasa hii kulitoa jambo hili katika porojo na kulitia katika ilimu.

Na twataka msomaji aijue kauli yetu tangu mwanzo. Hatusemi kuwa waziri asisafiri. Nchi yenye bandari, biashara, madeni na majirani haiwezi kuongozwa na watu waliojifungia ofisini. Tusemalo ni hili: kutaja jumla ya fedha zilizotumika si kutoa hisabu. Hisabu ni stakabadhi, yaani ile karatasi itajayo ni nani aliyesafiri, kwenda wapi, kwa kazi gani, kwa siku ngapi, pamoja na nani, na kila shilingi ilikwenda kwa nani. Jumla huficha, stakabadhi hufichua. Mwenye kulishika neno hili ameshika ufunguo wa somo zima.

Mali hii ni ya nani?

Serikali haina mali yake. Ilicho nacho ni kile ilichokusanya kwa watu, au ilichokopa kwa jina lao, nao ndio watakaokuja kulipa. Wengi wetu hudhani kuwa mlipa kodi ni yule mwenye kampuni na makarani, au yule akatwaye mshahara mwisho wa mwezi. Hii ni ghalati. Hapa Kenya kodi ya ongezeko la thamani, ile iitwayo VAT, ni 16 kwa mia, nayo imo ndani ya bei ya vitu vingi tununuavyo. Mvuvi anunuaye kipande cha sabuni ameilipa. Bibi kizee amtumaye mjukuu wake dukani ameilipa, na mjukuu hakujua. Basi neno "mlipa kodi" ni jina letu sote, na katika kila tikiti ya waziri mna fungu, japo dogo, lililotoka katika mfuko wa kila mmoja wetu.

Wanavyuoni wetu waliiita mali ya namna hii mali ya baitulmali, na mwenye kuishika wakamhisabu kuwa ni mwenye amana wala si mwenye mali. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim mna kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kwenda kukusanya zaka. Aliporudi aliyagawa aliyokuja nayo mafungu mawili: hili akasema ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, na mizani aliyoiweka ni hii: lau mtu huyo angelikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi ile ingelimfuata huko?

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili yatakayotufaa mbele. La kwanza ni ile mizani yenyewe. Raha yoyote impatayo mtu kwa sababu ya cheo, ambayo asingeipata lau hana cheo hicho, si yake bali ni ya wale waliomtuma. La pili ni adabu ya kukemea. Kemeo lilitolewa hadharani, kwa kuwa mali ilikuwa ya watu wote. Lakini lilikishika kitendo, na mtu mwenyewe hakutajwa kwa jina lake juu ya mimbari.

Mwenye kudhani kuwa mizani hii ni ya zamani na aitazame Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 76 chasema, kwa maana yake, kuwa zawadi apewayo ofisa wa dola katika shughuli ya umma ni zawadi ya Jamhuri, na hukabidhiwa serikali, ila ikiwa sheria imeitoa katika hukumu hiyo. Hukumu ni moja, ijapokuwa vitabu ni viwili.

Milango mitano ya kupotea mali

Kwa nini safari ziwe ni mahali pepesi pa kupotea mali kuliko matumizi mengine? Twaona sababu tatu. Kwanza, kazi hufanyika mbali na macho ya wenye mali. Barabara ikiharibika twaiona, na zahanati ikikosa dawa twaijua. Lakini mkutano uliofanywa Geneva hatuuoni, wala hatujui kama waziri alikaa ndani ya ukumbi au alikuwa madukani. Pili, matumizi haya huingia katika raha ya mtumiaji mwenyewe, kwani ni kitanda alaliacho, kiti akaliacho na chakula alacho. Tatu, posho hulipwa kwa siku na kwa kichwa. Kila siku izidipo na kila mtu azidipo, yuko anayefaidika, na anayefaidika mara nyingi yu karibu na yule atiaye saini.

Kwa sababu hizo mali hutoka kwa milango mitano, na kila mlango una swali lake.

Mlango wa kwanza ni namna ya usafiri. Je, msafiri alikwenda kwa ndege ya abiria au kwa ndege ya kukodi? Alikaa daraja gani? Na ikiwa alichagua lililo ghali, ni sababu gani iliyoandikwa kabla ya safari, si baada ya watu kuuliza?

Mlango wa pili ni wafuasi. Kazi ya watu watatu hufanywa na watu ishirini, na kila mmoja ana tikiti yake na posho yake. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila ya mtu mmoja kuonekana ana makosa, kwani kila mfuasi peke yake gharama yake ni ndogo. Yafaa kuuliza: kila aliyekwenda alikuwa na kazi gani ambayo isingefanyika bila yeye?

Mlango wa tatu ni siku. Mkutano ni wa siku mbili, safari yawa ya siku saba. Mwenye kuuliza na aweke ratiba ya mkutano upande mmoja, na tarehe za tikiti upande wa pili.

Mlango wa nne ni malipo ya mara mbili. Posho ya siku hukusudiwa kumlipia msafiri malazi na chakula. Basi ikiwa mwenyeji wa mkutano amekwisha kumlipia hoteli na chakula, naye akachukua posho kamili, jambo moja limelipwa mara mbili, mara kwa mwenyeji na mara kwa raia.

Mlango wa tano ni safari ya nafsi iliyovishwa kanzu ya kazi. Mtu ana harusi, au ana nyumba anayotaka kuinunua, au ana mkutano wa chama chake. Hutafuta kazi ndogo ya serikali katika mji huo huo, kisha huiandikia serikali gharama zote.

Sasa zingatia. Mtu akikwambia kuwa wizara fulani imetumia mamilioni kadha wa kadha kwa safari za nje, umejua nini katika milango hii mitano? Hukujua hata mmoja. Jumla kubwa yaweza kuwa safari za haki na za manufaa, na katika jumla ndogo yaweza kuwamo khiyana tupu. Hii ndiyo maana ya kauli yetu.

Mifano ya nchi nyingine

Nchi kadhaa zilizorithi taratibu za Bunge la Uingereza, kama tulivyorithi sisi, zimepitia mtihani huu. Tutataja tatu kwa sababu zina mafunzo mbali mbali.

Ya kwanza ni Kanada. Mwezi wa Juni 2011 Bev Oda, aliyekuwa waziri wa ushirikiano wa kimataifa, alikwenda London kuhudhuria mkutano wa chanjo za watoto wa nchi maskini. Alikuwa amewekewa nafasi katika hoteli ya nyota tano, ile ile ulimofanywa mkutano. Hakuikubali, akahamia Savoy, hoteli mashuhuri zaidi na ya ghali zaidi. Katika stakabadhi zake ilikutikana glasi moja ya maji ya machungwa iliyouzwa dola 16. Wakati huo mawaziri wa Kanada walikuwa wakitangaza, tangu mwaka 2004, muhtasari wa gharama za safari zao kila miezi mitatu. Lakini muhtasari haukutaja glasi ya maji ya machungwa. Waliozipata nyaraka zenyewe ni waandishi wa habari, kwa kutumia sheria ya kupata habari. Mambo yalipodhihiri mwezi wa Aprili 2012, waziri aliomba radhi Bungeni na akarudisha fedha, miongoni mwake zaidi ya dola 1,350 za tofauti ya hoteli. Mwezi wa Julai mwaka huo huo akatangaza kuwa anaacha kazi.

Huenda mtu akacheka: serikali nzima ishughulike na glasi ya maji ya matunda! Lakini raia wa kawaida hawezi kuyapima mabilioni ya bajeti. Akili yake huchoka kabla ya kumaliza kuzihisabu zile sifuri. Glasi ya maji ya machungwa aijua bei yake. Na aliyekwenda kuzungumzia watoto wasio na chanjo, kisha akanywa kwa fedha za watu glasi ya dola 16, amejieleza mwenyewe bila ya mtu kumtukana.

Ya pili ni Australia. Mwezi wa Novemba 2014 Bronwyn Bishop, aliyekuwa Spika wa Bunge, alikodi helikopta kutoka Melbourne mpaka upande wa Geelong kwenda kwenye shughuli ya kuchangisha fedha za chama chake. Njia hiyo kwa gari ni kiasi cha kilomita 75, yaani haizidi sana ile ya Mombasa na Kilifi. Gharama ilikuwa zaidi ya dola 5,200 za Australia. Habari ilitoka mwezi wa Julai 2015, na tarehe 2 Agosti Spika akajiuzulu. Hazikupita siku nyingi ila mwezi wa Januari 2017 waziri wa afya, Sussan Ley, naye akajiuzulu, baada ya kudhihiri kuwa katika safari iliyolipwa na serikali kwenda Gold Coast alinunua nyumba yake mwenyewe huko. Yeye alisema hakuvunja kanuni. Na huenda hapo ndipo palipokuwa na ila kubwa zaidi: kanuni zenyewe zilikuwa pana kama wavu wa matundu makubwa.

Jambo la kusifiwa kwa Waaustralia ni kuwa hawakutosheka na kuondoka kwa watu wawili. Mwaka 2017 walisimamisha chombo cha kujitegemea cha kusimamia na kukagua gharama za wabunge na mawaziri, wakatunga na sheria mpya. Kwa sheria hiyo mbunge akitaka kulipiwa safari, kusudio kubwa la safari hiyo sharti liwe ni kazi ya Bunge, na fedha zitumike kwa namna yenye thamani. Yeye mwenyewe ndiye mwenye kubeba jukumu la kuthibitisha hayo, si karani wake. Na ikiwa amelipwa asichostahiki, hurudisha pamoja na nyongeza ya 25 kwa mia.

Ya tatu ni Uingereza yenyewe. Huko kila wizara hutangaza kila robo ya mwaka safari za nje za mawaziri wake: tarehe, mahali, makusudio, kama ndege ilikuwa ya abiria, ya kukodi au ya jeshi, idadi ya maofisa waliofuatana na waziri, na gharama. Utaratibu huu haukuwafanya mawaziri kuwa malaika. Lakini umemwondolea muulizaji shida ya kuanza na uvumi, kwani huanza na orodha.

Hali ya kwetu

Tukirejea Kenya, twaanza na jambo ambalo msomaji bado analikumbuka. Mwezi wa Mei 2024 Rais William Ruto alifanya ziara ya kiserikali Marekani, ya kwanza ya namna yake kwa rais wa Kiafrika tangu mwaka 2008, naye alisafiri kwa ndege ya kukodi. Raia wakauliza. Magazeti yakakisia gharama kuwa kiasi cha shilingi milioni 200. Rais akajibu kwanza kuwa gharama ilikuwa chini ya ile ya kusafiri kwa Kenya Airways. Kisha tarehe 30 Mei, katika mkutano wa maombi ya kitaifa, akasema kuwa haikufika shilingi milioni 10, na akaeleza kuwa marafiki ndio waliofanya ndege ikapatikana kwa bei hiyo.

Sisi hatumsadikishi wala hatumkadhibishi. Tulitazamalo ni lile pengo. Baina ya milioni 200 na milioni 10 pana milioni 190, na karatasi moja ya mkataba wa ndege ingalitosha kuliziba. Badala yake nchi nzima ilibishana kwa makisio upande mmoja na kauli upande wa pili, na kila mtu akabaki na lile alilokuwa akilidhani tangu mwanzo. Tena ndege ikipatikana kwa bei nafuu kwa sababu ya urafiki, lazuka swali la pili ambalo halimtuhumu mtu bali lataka jawabu: tofauti ya bei ni zawadi ya nani, kwa nani, na imeandikwa katika daftari gani? Ile mizani ya kisa cha Ibn al-Lutbiyya na kile kifungu cha 76 hukutana hapa.

Mwezi uliofuata vijana waliingia mabarabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, na watu wakafa. Hatusemi kuwa ndege ndiyo iliyoleta hayo. Sababu zilikuwa nyingi na kubwa zaidi. Lakini mtu aombwaye kulipa zaidi hutazama kwanza mkono wa amwombaye. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alitangaza hatua za kubana matumizi, na miongoni mwake safari zisizo za lazima za maofisa wa umma zikasimamishwa.

Amri hiyo ilikuwa njema, ila haikuwa ya kwanza. Mwezi wa Oktoba 2023 serikali ilikwisha kuamrisha kupunguza safari. Na jirani zetu wa Tanzania waliona amri kali zaidi mwaka 2015, pale Rais John Magufuli alipopiga marufuku safari za nje za maofisa ila kwa ruhusa maalumu. Kasoro ya amri za namna hii ni kuwa hukaa juu ya shingo ya mtu mmoja. Akilegea hulegea, na akiondoka huondoka nazo. Tena amri ya kukataza haipambanui safari ya faida na safari ya matembezi. Zote huzifunga, kisha siku ya kufunguliwa zote hutoka pamoja. Utaratibu wa kuonyesha stakabadhi ni wa kudumu zaidi, kwa kuwa haungojei huruma ya mkubwa.

Sheria zilizoko mikononi mwetu

Msomaji asidhani kuwa sheria hizo ni za Ulaya tu. Za kwetu ziko, na baadhi yake ni kali kuliko watu wanavyojua.

Katiba, kifungu cha 201, imeweka kuwa mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha watu, na fedha zitumike kwa busara. Kifungu cha 226 chaongeza kuwa mwenye cheo akiamrisha au akiidhinisha matumizi yaliyo kinyume cha sheria, khasara ni juu yake, naye atailipa hata kama amekwisha kuacha cheo. Tume ya Mishahara na Marupurupu imepewa kazi ya kuweka viwango vya malipo ya maofisa wa dola. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha kutolewa kwa fedha na hutoa ripoti. Na katika ripoti zake juu ya kaunti huzionyesha safari za nje pamoja na nchi iliyotembelewa, makusudio na gharama. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila mwaka, na Bunge au baraza la kaunti latakiwa kuijadili ripoti yake ndani ya miezi mitatu.

Kadhalika ziko kanuni za masurufu, yaani fedha apewazo ofisa mkononi kabla ya safari. Kwa kanuni za fedha za umma za mwaka 2015, aliyechukua masurufu ya safari atakiwa kuyatolea hisabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi. Asipofanya hivyo, fedha hukatwa katika mshahara wake pamoja na riba. Maana yake ni kuwa zile stakabadhi tunazozisema, kwa sheria, hukusanywa. Zimo katika majalada, nasi hatuzioni kwa kuwa hatuziombi.

Na kuziomba kuna njia. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imeeleza namna yake. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Muombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka. Halipi kitu kwa kuomba, ila gharama ya kunakili karatasi. Ofisi yatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na yaweza kuongeza muda mara moja, siku zisizozidi 14. Ikikataa au ikinyamaza, muombaji hupeleka lalamiko lake ndani ya siku 30 kwa tume ishughulikiayo haki katika utawala, ijulikanayo kwa herufi CAJ. Yako mambo yaliyozuiwa, kama ya usalama wa nchi. Lakini bei ya hoteli iliyokwisha kulaliwa ni vigumu kuiita siri ya jeshi.

Tazama ndugu msomaji: kwa Kiswahili. Sheria hii haikumtaka mtu awe wakili, wala awe mwandishi wa gazeti, wala awe na jamaa Nairobi. Mtu yeyote katika mji wetu ajuaye kuandika barua aweza kuiandikia wizara, au serikali ya kaunti yake, akasema: naomba orodha ya waliosafiri katika safari fulani, tarehe zao, makusudio, posho ya kila mmoja, na nakala ya stakabadhi za hoteli na tikiti. Barua hiyo haizidi nusu ya ukurasa.

Maneno ya wenye kupinga, na adabu ya kuuliza

Huenda mtu akasema: kumhisabia mkubwa kitanda chake ni kuivunjia nchi heshima. Jawabu letu ni kuwa heshima ya nchi haiko katika mto wa hoteli. Imepokewa katika tarikhi kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab aliziandika mali za magavana wake wakati wa kuwapa kazi, na aliyeona mali yake imezidi bila ya sababu alimtaka jawabu. Dola yake haikuvunjika kwa kuulizana, ilipanuka.

Mwingine atasema: fedha hizi ni kidogo mbele ya madeni na wizi mkubwa, basi za nini kelele? Twamwambia kuwa amesema kweli katika kipimo, amekosa katika hukumu. Mikataba mikubwa hufichwa na mawakili na mabenki, hata mkaguzi hodari huchukua miaka kuifumbua. Safari ni hisabu ambayo raia wa kawaida aweza kuifahamu kwa jioni moja. Umma usioweza kuuliza bei ya tikiti hautaweza kuuliza bei ya reli.

Wa tatu atasema: huku ni kuhusudu na kutafuta aibu za watu. Hili twalikubali nusu yake. Liko kundi lipendalo kusikia aibu kuliko kupata haki, nalo huueneza uvumi kabla ya kuuhakikisha. Uvumi huo huwasaidia wenye makosa, kwani ikidhihiri kuwa neno moja ni la uwongo, mwenye makosa hulitumia kuyafuta yote ya kweli. Kwa hivyo yampasa muulizaji ashike adabu nne. Asitaje kiasi asichokiona katika karatasi. Aulize kitendo, wala asimtukane mtu, kabila lake wala nyumba yake. Amsikilize mjibuji mpaka mwisho, na akileta stakabadhi za haki akubali hadharani kama alivyouliza hadharani. Na awe na mizani moja: asimuulize waziri wa chama cha pili, kisha akamnyamazia aliye wake.

Adabu hii ya nne ndiyo nzito kuliko zote kwetu. Twajua kuwa mtu wa mji wetu akipata cheo, wengi huhesabu kuwa safari zake ni fahari yetu, na hutazama ni nani katika jamaa atakayechukuliwa. Siku hiyo maneno yote ya amana husahauliwa. Mwenye kutaka kujua kama yeye ni mwenye haki au ni mwenye kijicho tu, na ajitazame siku ile jamaa yake anapopanda ndege kwa fedha za watu: ataiomba stakabadhi?

Haya ndiyo tuliyokusudia kuyaeleza. Wanadarasa wataombwa kuja na majibu ya maswali haya:

1. Taja milango mitano ya kupotea mali katika safari, na kwa kila mmoja taja karatasi itakayoudhihirisha.

2. Kwa nini amri ya kukataza safari haitoshi mahali pa utaratibu wa kutangaza gharama?

3. Ofisa amealikwa nje na mwenyeji akamlipia hoteli na chakula. Ni kipi alichobakiwa nacho katika haki ya posho, na kwa nini?

4. Andika, kwa Kiswahili na kwa maneno yasiyozidi nusu ya ukurasa, barua ya kuomba hisabu ya safari moja iliyofanywa na ofisi ya kaunti yako. Barua itakayopitishwa na darasa kuwa ni njema itiwe saini na mwandishi wake, ipelekwe, na tarehe ya kupokelewa kwake iandikwe, ili siku 21 zihisabiwe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.